Kaburi Lisilo na Tuta

Nilimtua mwanangu juu ya ramani yao.

Sikupanga. Nilikwenda mkutanoni kusikiliza kama wenzangu, dera limelowa jasho, mtoto mgongoni, nimekaa dawati la nyuma kabisa. Mkutano ulifanyika shule ya msingi ya mtaani kwetu, huku Temeke, mtaa unaopakana na ukuta wa uwanja wa ndege. Mbele walikaa watu wa mradi wa upanuzi. Ramani walikuwa wameitandika kwenye meza mbili zilizounganishwa, kubwa kama shuka la kitanda, chupa za maji zimebana pembe zake. Msemaji wao alikuwa kijana mwenye miwani na shati lililonyooka. Alishatueleza kwa kirefu kwamba abiria wanaongezeka kila mwaka, kwamba watu waliokuwa wakienda Mwanza na Mbeya kwa basi sasa wanapanda ndege, kwamba kuna saa ndege zinazungushwa angani kwa kukosa pa kutua, kwa hiyo lazima uwanja utanuke. Aliongea vizuri. Hata mie nilimwelewa. Sijawahi kusema uwanja usitanuke.

Nilinyoosha mkono nikasema nyumba yetu ina kaburi ambalo halikuandikwa siku ya uthamini. Jambo hilo nilishalipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, nilishalipeleka ofisini kwao, kote naambiwa subiri mkutano. Basi mkutano ndio huo.

Kijana akapekua makaratasi, akaipata nyumba yetu, akashuka na kidole. "Nyumba moja. Choo na bafu la nje. Ukuta wa tofali. Mgomba, shina moja. Kaburi hapa sina, sista."

"Lipo. Nyuma ya bafu, pale kwenye mgomba."

"Mgomba tumeshauthamini, sista."

Darasa zima likacheka. Siwalaumu sana, watu waliokaa na joto tangu asubuhi wanacheka chochote. Lakini yeye naye alicheka, akageuza ukurasa, akaita nyumba inayofuata. Ni ule ukurasa. Angenitukana ningevumilia, ila alipougeuza nilisimama, nikapita katikati ya madawati, nikafungua mbeleko, nikamketisha binti yangu juu ya ramani, palepale walipopaka rangi nyekundu nyumba zetu.

"Huyu ni wa pili," nikasema. "Wa kwanza yuko hapo alipokaa huyu. Haya, na huyu naye mwite mgomba."

Halafu binti yangu, ambaye hana habari na mikutano, akakojoa.

Yule kijana aliruka kuokoa ramani kama vile nyumba inaungua. Chupa zikaanguka. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwache amalize, braza, si anapima eneo lake!" Kicheko kikarudi, safari hii si kwangu. Mwenyekiti wa mtaa akagonga meza. "Mama, tuheshimiane!"

"Tuanze kumheshimu aliye chini," nikamjibu. Nikamchukua mwanangu nikatoka, mkojo wa mtoto unanitiririka mkononi.

*

Mie nilikulia Kimara. Wazazi wangu watu wa Singida, na kwetu mtoto akifa analiliwa, awe mkubwa awe mdogo. Niliolewa huku Temeke baada ya kumaliza kidato cha nne, nyumbani kwa mama mkwe wangu, mtu wa pwani wa asili, mjane. Mume wangu anaendesha bajaji, kijiwe chake kipo nje ya geti la uwanja. Anaishi kwa abiria. Ndege ikichelewa na sie tunachelewa kula.

Kitu cha kwanza nilichojifunza kwenye nyumba ile ni kunyamaza katikati ya neno. Ndege ikishuka inapita juu ya bati letu, chini kabisa, unaona matairi. Bati linalia, vikombe vinacheza, na husikii hata ukipigiwa kelele sikioni. Basi mtu anakata neno, anasubiri na mdomo wazi, ndege inapita, anaendelea palepale alipoishia. Wageni wanacheka. Sie tushazoea, hata ugomvi wetu una mapumziko.

Mimba yangu ya kwanza ilinitoka ikiwa na miezi saba. Uchungu ulinishika mchana, ghafla, niko peke yangu na mama mkwe. Alimpigia mwanawe alete bajaji, bajaji ilikuwa imepeleka mtu Mwananyamala. Alimwita jirani yetu, bibi mmoja aliyewazalisha wengi pale mtaani, marehemu sasa hivi. Mtoto hakungoja gari. Alitoka. Na alipotoka, ndege ilikuwa inapita.

Hilo ndilo linalonila. Nasema alitoka wakati bati linalia. Nilimwona mama mkwe amemshika, niliona mguu, niliona kucha, kucha kamili kama zangu. Niliona mdomo wake bibi jirani ukisema kitu, na sikusikia. Ndege ilipopita nyumba ilikuwa kimya, na mama mkwe akasema, "Hakulia."

Wengine watauliza, kulia au kutolia kuna nini? Kwa kina mama mkwe kuna kila kitu. Mtoto aliyelia ni mtu: anapewa jina, anasaliwa, wanaume wanambeba, analala makaburini na tuta lake. Asiyelia ni wa wanawake. Wanawake wenyewe wanamhifadhi uani, hawaweki tuta, hawaweki jiwe, hakuna tanga, na mama yake haonyeshwi. Anaambiwa jikaze, huyo alikuwa mgeni tu. Wala asitajwe, maana ukimtaja tumbo linasikia, na linafunga.

Walinilaza. Nilisikia jembe uani. Mume wangu aliporudi, mama yake alimpokea mlangoni, akamwambia maneno mawili matatu, naye akaingia akakaa kitandani akanishika mguu. Mpaka leo mtaani naitwa mama wa huyu binti wa pili, kana kwamba yule wa kwanza hakuwahi kunipa cheo.

Sikuonyeshwa, lakini macho si ninayo. Nyuma ya bafu kuna mgomba unaokunywa maji ya kuogea. Mkungu ukikomaa, mama mkwe haruhusu uingie ndani, anawapa watoto wa jirani wakauze. Nikasema, haya, nimeshapajua. Tangu hapo kila nikioga nilibakiza maji masafi kwenye ndoo, nayamwaga ya mwisho, polepole, yakimbize povu. Nilikuwa nikiongea naye. Sina haya kuliandika. Nilimwambia kuna joto, nilimwambia baba yako kachelewa, nilimwambia mdogo wako kazaliwa na kalia mpaka nesi kaziba masikio. Na ndege ikipita nilikuwa nakata neno, nangoja, kisha namalizia. Wakati mwingine katika ule ukimya wa baada ya ndege nilikuwa nasikia kama mtu anavuta pumzi ili aanze.

*

Wathamini walipokuja mie nilikuwa kliniki na binti. Nilirudi nikakuta alama nyekundu ukutani na mama mkwe ameshapigwa picha mbele ya mlango, ameshika kibao chenye namba ya nyumba, uso kama mtu aliyeletwa kituoni. Jirani wa upande wa pili ana makaburi ya wazee wao uani, yaliandikwa yote. Yatafukuliwa kwa heshima, sanda mpya, sheikh, yahamishiwe makaburi ya serikali. Nikamuuliza mama, na la kwetu?

"Waliuliza kama tuna kaburi. Nikasema hatuna."

"Mama!"

"Kwani tunalo? Kaburi lina tuta, mwanangu. Kaburi limesomewa."

Hakudanganya, ndiyo shida. Kwa kipimo chake alijibu kweli tupu. Mthamini naye aliandika alichoambiwa. Hakuna mwongo hata mmoja, na mwanangu hayupo.

Mume wangu alichukua muda kunielewa. Alikuwa ameona kwenye ile ramani, ilipobandikwa ofisi ya mtaa kabla ya mkutano, kwamba uani kwetu hapatajengwa kitu. Patakuwa eneo la usalama, mwisho wa njia ya kurukia, nyasi tupu.

"Si afadhali?" akaniambia, anafuta kioo cha bajaji. "Atalala mahali pasipokanyagwa na mtu."

"Na mie nitakuwa namsalimia kupitia waya wa uzio?"

"Sie wote tutahama, mke wangu. Kila mtu anaacha kitu."

"Wewe unaacha nini? Abiria wataongezeka, kijiwe chako kipo palepale."

Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kumuuliza msimamizi mmoja wa mitambo anayempakia mara kwa mara. Akarudi na sura nyingine. Kumbe kabla ya nyasi wanakwangua udongo wa juu wote, unapakiwa kwenye malori, unakwenda kumwagwa kwingine, ndipo wanajaza kifusi na kushindilia. Kwingine wapi? Yule msimamizi hajui. Popote penye shimo.

Tangu siku ile nikaanza kuota lori. Silioni mbele, naliona nyuma, linaondoka.

*

Nilipotoka mkutanoni habari zilishanitangulia nyumbani. Mtaa wetu hauhitaji redio. Nilimkuta mama mkwe uani, kwenye lile jiko lake la mafiga, amekaa kwenye kigoda anachochea kuni chini ya sufuria ya maji ya kuoga. Gesi tunayo. Tunayo tangu nilipoolewa, na mie nimeshagombana naye sana kuhusu ule moshi unaoingia kwenye nguo zangu za kuanika. Kila siku jioni lazima awashe pale. Nilishamwambia ni ushamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umemkojolesha mjukuu wangu juu ya mali ya serikali."

"Alikojoa mwenyewe."

"Safi." Akasukuma ukuni. "Na nasikia umesema kaburi lipo kwenye mgomba."

Nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa nimechoka kuheshimu. Nikamwambia, ndiyo, nimesema, na nitasema tena, na kama tumbo litafunga na lifunge, ninaye mmoja juu ya ardhi na mmoja chini, wananitosha.

"Kwenye mgomba hayupo."

Nikadhani anaanza tena mambo ya kaburi halina tuta. Nikamwambia, mama, mie si mtoto, ndizi zile hamzili.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ndizi za maji ya bafu, nani atakula? Wewe ungekula?"

Binti yangu alikuwa ameshashuka mgongoni, amechuchumaa karibu na majivu, anachora kwa kijiti. Ni mahali pake pa kuchezea. Mama mkwe akamsogeza kidogo kwa mkono, taratibu, akaweka kiganja chake chini, kati ya figa na ukuta.

"Yupo hapa."

Ndege ikapita. Sie watatu tukangoja, mkono wake uko palepale chini. Nilikuwa na muda wa kufikiria maji yote niliyoyamwaga kwenye mgomba, na maneno yote.

Ilipokwisha akaendelea. "Nilimkosha. Haikuwa lazima, nikamkosha. Nikamfunga nusu ya kanga yangu. Bibi mwenzangu akasema tumpeleke nyuma ya bafu kama wengine. Nikasema nyuma ya bafu kuna majimaji, huyu mchanga, atasikia baridi. Nikamweka karibu na moto."

Miaka yote ile nagombana na moshi.

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza mtu. "Alilia?"

Maji yakaanza kuchemka.

"Nilisema hakulia," akasema. "Lakini kusikia sikusikia. Nilikuwa nimemshika hivi, kifuani. Mdomo ulikuwa wazi. Ndege ilipopita ukawa umefunga. Sasa mie nikamwulize nani? Ningesema alilia, ungemlilia mpaka ufe. Nikachagua."

"Ulinichagulia."

"Nilikuchagulia."

Nilitaka kumchukia, wallahi, na nilikuwa na haki. Ila alikuwa bado hajanyanyua kiganja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kinachomtisha si mtoto kutajwa. Mtoto wa umri ule hana mifupa ya kukaa. Watakuja na majembe yao na karatasi zao, watachimba, hawatakuta kitu, wataandika hakuna. "Wakishaandika hakuna, na muhuri juu, wewe utabaki na nini? Bora asiguswe. Mie najua alipo, basi."

"Na wakimpakia kwenye lori?"

Alifunika makaa kwa majivu, akasimama kwa kushika bega langu. Mlangoni akageuka. "Andika. Lakini andika hapa, siyo kwenye mgomba. Na uandike nilikuwepo."

Tuliandika pamoja kesho yake, mie na kalamu, yeye anabishana na kila mstari. Mume wangu alitupeleka na bajaji mpaka ofisi yao ya malalamiko, akakataa abiria wawili njiani, jambo ambalo sijawahi kumwona analifanya. Dada wa mapokezi alitaka niondoe baadhi ya maneno, akasema malalamiko huwa hayaandikwi hivyo. Nikamwambia hayo ndiyo niliyo nayo. Akagonga muhuri nakala yangu. Naiweka hapa kama ilivyo. Nimeondoa majina na namba ya nyumba tu.

*

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KABURI LA MTOTO LISILOINGIZWA KWENYE UTHAMINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa nyumba iliyotajwa, mke wa mtoto wa mwenye nyumba. Nalalamika kwamba katika uthamini wa upanuzi wa uwanja, kaburi lililopo uani kwetu halikuandikwa. Mama mkwe wangu aliulizwa akajibu halipo, kwa sababu kwa mila zao mtoto asiyelia hana kaburi. Mthamini hakuuliza zaidi. Naomba muelewe kwamba huku kwetu, uani kwa watu wengi, wapo watoto wa namna hiyo, na bibi zao wakiulizwa watajibu hivyo hivyo. Tumeni wanawake wakaulize, na waulize vingine.

Mkutanoni nilisema kaburi lipo kwenye mgomba. Nilikosea. Lipo jikoni kwa nje, kati ya jiko la mafiga na ukuta. Shahidi ni bibi wa marehemu, ambaye ndiye aliyemzika, na ambaye ataonyesha kwa mkono wake.

Kuhusu kama alilia: alizaliwa ndege ikiwa inapita juu ya nyumba. Hakuna aliyesikia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuandika kwamba hakulia, si sisi wala si ninyi. Naomba ahesabiwe miongoni mwa waliolia.

Sipingi upanuzi. Mume wangu anakula kwa abiria. Sidai nyongeza ya fidia. Mkiweka bei ya kaburi hili sitasaini. Ninachoomba ni kwamba kabla mitambo haijaingia, pachimbwe kwa jembe la mkono, wachimbaji wawe wanawake, na sisi wawili tuwepo. Inawezekana hamtakuta mfupa. Msiandike hakuna. Chukueni udongo wa pale, kiasi cha kumtosha mtoto mchanga, tuufunge sanda, uende makaburini pamoja na wazee wa jirani yetu, usomewe, uwekewe tuta. Mume wangu amekubali kuubeba.

Nyumba tutahama siku mtakayosema. Jikoni nitakaa mpaka hili lifanyike.

Jina la marehemu: bado. Tutamwita siku ya kumzika.

Uhusiano na marehemu: mama yake.

Shahidi: bibi yake. Dole gumba la kulia.